Kuchonga Majengo ya Mji Kuzunguka Bilauri

Ukiutazama mji kwa mbali jua linapozama, rangi zote hupotea na kubaki umbo jeusi la mapaa na minara. Umbo hilo ndilo tunalolihamishia kwenye kioo, na ndiyo maana kazi hii humfaa hata mtu asiyejua kuchora. Utahitaji mashine ndogo ya kuchongea ya mkononi, ncha mbili za almasi, moja nyembamba na nyingine ya duara, pamoja na karatasi, utepe wa gundi, sponji, miwani ya kukinga macho na barakoa ya vumbi.

Chagua bilauri nene ya kioo cha kawaida. Kioo kilichoimarishwa kwa joto usikiguse kabisa, kwa kuwa kikichongwa huweza kuvunjika chote kwa mpigo mmoja ukiwa umekishika.

Kielelezo, yaani mchoro wa mji kwenye karatasi, ndicho kinachokula muda. Pima kipenyo cha ndani cha bilauri ukizidishe kwa 3.14, yenye kipenyo cha sentimita 8 itataka ukanda wa sentimita 25 na nukta kidogo. Bilauri inayopanuka kuelekea juu haikubali ukanda ulionyooka: ingiza karatasi ndani yake, ikunjue igandamane na ubavu, kata inayozidi ukingoni, na ukiitoa utaona imejikata umbo la upinde. Mstari wa ardhi uufuate upinde huo. Mimi nililipuuza jambo hili mara ya kwanza, na mji wangu ukapanda mlima upande mmoja, minara ikiinama kama minazi kwenye upepo.

Usifuate urefu halisi wa majengo. Mnara wa Eiffel una mita 330. Ukiuchora kwa sentimita 6, nyumba ya mita 20 iliyo karibu nao haitafika hata milimita 4, na hakuna ncha itakayoichonga ikasomeka. Zirefushe nyumba ndogo bila kuona haya, mradi mnara ubaki juu ya zote.

Bandika kielelezo kwa ndani, picha ikitazama nje, kisha laza bilauri juu ya taulo iliyokunjwa. Lowesha uso wa kioo kwa sponji kila baada ya muda mfupi, kwa sababu maji hupoza ncha na kulizuia vumbi la kioo lisiruke. Mashine yenyewe isiingie majini. Ishike kama kalamu, bila kukandamiza, kwani ncha ikilazimishwa humegua kingo za mstari. Unene wa kioo huusogeza mchoro machoni, kwa hiyo zungusha bilauri ili sehemu unayoichonga ikutazame moja kwa moja, badala ya kuchungulia kwa pembeni.

Anza na mistari ya nje kwa ncha nyembamba, halafu jaza majengo ya mbele kwa ncha ya duara ukizungusha viduara vidogo, ukiacha madirisha machache yakiwa angavu. Majengo ya nyuma yabaki mistari mitupu; hapo ndipo mji unapopata kina. Kwa bilauri ya kunywea, acha sentimita 2 kutoka ukingoni bila kuchonga.

Osha uji mweupe wote wa maji na vumbi la kioo, kausha, kisha weka kitambaa cheusi ndani: sehemu ulizoziruka zitajionyesha zenyewe, nawe utarudi kuzijaza.