Namna ya kuangalia tablo ya Tshibumba

Bandugu, tablo (picha za rangi) za muchoraji Tshibumba Kanda Matulu haziangaliwe mbiombio. Alizaliwa hapa kwetu 1947, Lubumbashi ikiitwa bado Elisabethville, na alichora historia ya inchi yetu Kongo kwa kitambaa cha gunia ya unga, basi umusome kama mtu wa historia.

Anza na maandishi. Anaandikaka Kifaransa ndani ya tablo yenyewe, soma yote mbele ya kuangalia sura za watu.

Kisha angalia kile kimechorwa nyuma ya watu, huko njo kuna mambo mazito. Kwa ile ya kifo cha Lumumba, utaona Lumumba amelala chini, damu inatoka ubavuni, na mbali kabisa misalaba tatu, sasa mukristo yeyote anajua ile ni Golgota, Tshibumba hakuchora maiti tu, alichora mutu aliyekufia wengine. Kaa hapo, usiharakishe.

Usisimamie kwa moja. 1973 na 1974 alimuchorea Johannes Fabian, mutu wa antropolojia, tablo kupita mia, zipange kwa miaka, toka wakati wa bankambo mpaka Mobutu.

Mwisho ita mzee wa kwenu, muonyeshe, umuache aseme. Zamani tablo hizi zilitundikwaka salo, chumba cha wageni, juu ya watu wazungumuze.