Acheni kuazimana kimea cha mtindi

Jamani wafugaji wa Muheza, Pongwe na Amboni, hii tabia ya kuchota mtindi wa jirani ukaufanya kimea chako, yaani bakteria wa kugandishia maziwa, naikuta kila ninakopita. Ukimuuliza mtu anakwambia mbona unaganda vizuri. Kuganda si kipimo! Mule ndani yumo bakteria anaitwa Laktokokasi, huyo hana neno, watu wamemla miaka na miaka, ila wamo pia bakteria wengine, enterokokasi, wanaotokea kwenye kinyesi na ndoo chafu, na wenyewe wanagandisha tu, ndo maana huwashtukii. Wataalamu kabla hawajaruhusu bakteria wa kimea wanataka kumjua ni nani haswa, ana jeni za usugu wa antibayotiki anazoweza kuwagawia wenzie au hana, anavunja chembe za damu au havunji, anatengeneza histamini (kemikali inayoleta dalili kama za mzio) au la. Haya nani kati yenu anayapima kwa ulimi? Nunua kimea cha pakiti kilichopimwa.

Sasa vipimo, na themomita sio pambo. Chemsha maziwa hadi nyuzi 85, shikilia hapohapo dakika 30, sio umeona povu umeepua, na msinidanganye kwamba uchachu unaua vijidudu vya ugonjwa wa brusela na TB, usiutegemee. Poza hadi 25, na huku kwetu pwani maji ya bomba peke yake hayakufikishi, tia barafu kwenye beseni. Ukimwaga kimea kwenye maziwa ya nyuzi 50 umekiua, hela imeenda. Kimea cha maji ni mililita 20 hadi 30 kwa lita, cha unga fuata pakiti. Funika saa 16 hadi 18, usiku wa joto anza kuangalia zikifika saa 12 tangu utie kimea. Mtindi wa kugandishia maziwa ya safari ijayo chota kwanza, kwa chombo kilichochemshwa, kabla upawa wa mteja haujaingia, weka friji, na ukishakirudia mara tatu nne rudi kwenye pakiti.

Ukiganda laini bila mapovu, poza uuze.

Halafu ng'ombe aliyetibiwa kiwele, maziwa yake yasiingie kabisa mpaka siku zilizoandikwa kwenye dawa ziishe. Kuchemsha hakuondoi dawa. Dawa inaua kimea ulichonunua, wanaobaki humo ni wale sugu, alafu mnanipigia simu kwamba pakiti ilikuwa feki.