Jinsi ya kufunga ving'ora vya moshi nyumbani na kwenye nyumba ya kupangisha

Jamaa yangu anayepangisha nyumba alitaka kujua king'ora kipi anunue. Nikamwambia aanze na sheria.

Hatua ya 1: Soma sheria ya mahali nyumba ilipo
Sheria hazifanani. Katika England, tangu tarehe 1 Oktoba 2022, mwenye nyumba anatakiwa kuweka angalau king'ora kimoja kila ghorofa wanapoishi watu, na kuhakikisha kinafanya kazi siku upangaji unapoanza. Uskoti, tangu Februari 2022, inataka ving'ora vilivyounganishwa, kimoja kikilia vyote vilie, hata kwenye nyumba ya kuishi mwenyewe. Kwenu kama sheria iko kimya, weka kimoja ndani ya kila chumba cha kulala, kimoja nje ya vyumba hivyo, na angalau kimoja kila ghorofa.

Hatua ya 2: Nunua
Chukua vya mwanga (hugundua moshi kwa mwale wa taa ulio ndani), si vya ayoni (hutumia chembe ndogo ya mionzi). Vya ayoni huwahi moto wa miali, lakini moto unaofukuta kwenye godoro au kochi huchelewa kuugundua, tena ni vyepesi kulia kwa sababu ya mapishi. Kwa nyumba ya kupangisha sinunui kingine ila chenye betri ya lithiamu ya miaka 10 iliyofungiwa ndani. Betri ya kuchomoa huishia kwenye mwanasesere wa mtoto.

Hatua ya 3: Chagua mahali
Hapa usiharakishe. King'ora kinachopiga kelele kila jiko likiwashwa kitanyamazishwa na mpangaji ndani ya wiki, kisha wewe utabaki ukidhani umetimiza sheria.

Kiwe mita 3 au zaidi kutoka jikoni. Nyumba ikiwa ndogo na nafasi hiyo haipatikani, tafuta chenye kitufe cha kukinyamazisha kwa muda, na kiwe cha mwanga. Mlango wa bafu lenye maji moto ukae mbali nacho kwa sentimita 90, maana mvuke hukidanganya. Umbali uo huo uache kutoka ncha za feni ya dari, ambayo huupeperusha moshi usikifikie. Pia usikiweke mbele ya tundu la kiyoyozi.

Dari ndipo mahali pake. Ukilazimika kuweka ukutani, ukingo wake wa juu usizidi sentimita 30 chini ya dari. Dari ya mgongo, yenye pande mbili zinazopanda na kukutana juu, ina mtego wake: moshi hupanda hadi juu, lakini pale kwenye pembe yenyewe hewa hutuama na moshi hauingii. Kwa hiyo shuka sentimita 10 kutoka kileleni, ila usisogee pembeni zaidi ya sentimita 90.

Ukiwa na fundi rangi, kishushe kwanza. Kilichopakwa rangi tupa.

Hatua ya 4: Funga
Drili, plagi za plastiki za kushikia skrubu, skrubu mbili, zungusha kikae. Vya kuunganishwa kwenye umeme wa nyumba mwachie fundi umeme.

Hatua ya 5: Jaribu na uandike
Bonyeza kitufe cha majaribio kila mwezi. Siku mpangaji anapoingia, bonyezeni pamoja, kisha aweke sahihi kwamba amekisikia kikilia.

Geuza nyuma usome tarehe ya kutengenezwa. Miaka 10 huhesabiwa kutoka hapo, si kutoka siku uliyofunga, kwa hiyo kilichokaa dukani miaka miwili kimebakiwa na minane. Kikianza kutoa mlio mfupi wa mara moja moja, ni betri au umri wake umefika.