Kusikia Kiingereza cha Manchester na cha London

Anza na "bus". Manchester na Leeds, miji ya kaskazini mwa Uingereza, huitamka kwa u ya "kuku", fupi kidogo. London utasikia "bas". Ndivyo ilivyo kwa "cup", "love" na "lunch". Ila usiguse "put": lina u kotekote, na hapo ndipo wengi huteleza.

"Bath" na "grass" kaskazini hukatwa fupi, London huvutwa: "baath". "Father" huvutwa pande zote.

Kazi ipo kwenye "water". Mitaani London wengi hawatamki t. Sauti hukatwa kooni, "wo-a". Ukiisubiri t, sentensi imeshakupita. Rekodi sekunde 10 za redio, andika ulichosikia kwa tahajia ya Kiswahili, kisha sikiliza tena ukisahihisha irabu kwanza.