Pointi za safu: jinsi ya kuongoza darasa la watoto 90 bila fimbo

Darasa la tatu lenye watoto 90, watatu au wanne kwa dawati, si ajabu katika shule za Mbagala au Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Kwa wingi huo ukimfuatilia mtoto mmoja mmoja, kipindi cha dakika 40 kinaisha hujafundisha. Fuatilia safu, na chagua tuzo na adhabu ndogo ambazo hutashindwa kuzitoa kila siku.

Hatua ya 1: Kanuni tatu kwenye manila

Andika kile mtoto atakachofanya: "Nyoosha mkono, subiri uitwe." Ukiandika "Usipige kelele" hujamwambia afanye nini. Siku mbili za kwanza kanuni ziigizwe, safu moja ionyeshe na wengine waangalie.

Hatua ya 2: Gawa safu

Safu tano au sita zinatosha, na wasumbufu watawanywe. Chora jedwali kwenye kona ya ubao. Pointi andika mwenyewe. Ukimwachia monita atawapendelea rafiki zake, au atawaogopa wenye miili mikubwa.

Hatua ya 3: Toa pointi mapema na mara nyingi

Wiki ya kwanza toa pointi kila baada ya dakika tano hivi, na taja tendo lenyewe: "Safu ya pili mmefungua madaftari niliposema mara moja. Pointi." "Vizuri sana" pekee haitoshi, kwa sababu mtoto hajui kilichokufurahisha. Kuanzia wiki ya tatu punguza, na wasijue pointi itatoka lini. Tabia iliyojengeka kwa tuzo zisizotabirika hudumu zaidi.

Weka lengo, tuseme pointi 15 kufikia Ijumaa, na kila safu itakayolifikia ipate tuzo. Mshindi akiwa mmoja tu, safu za nyuma zinakata tamaa Jumatano. Pointi iliyopatikana usiifute kamwe: safu iliyobaki na sifuri haina tena cha kupoteza.

Tuzo ziwe za bure: kutoka kwanza mapumziko, kuchagua wimbo, kusomewa hadithi dakika 10 chini ya mti. Pipi ziache. Pipi 90 kila wiki zinakula mshahara wako, na siku pipi zikikosekana utulivu unaondoka nazo.

Hatua ya 4: Ngazi ya adhabu mbadala

Kwanza msogelee bila kusema neno. Akiendelea, mtajie kanuni kwa sauti ya chini. Kisha mhamishie dawati la mbele kwa dakika 10. Halafu abaki dakika tano za mapumziko kumalizia kazi. Mwisho mzazi aitwe. Yote yafanyike siku hiyohiyo. Kwenye shule za zamu mbili, asubuhi na mchana, usitegemee kumbakiza baada ya masomo, kwani chumba kinasubiriwa na wenzao wa mchana.

Aliyechafua asafishe alipochafua. Kuandika mistari 100 kunamfundisha kuchukia kuandika, na kupiga magoti mbele ya wenzake kunamdhalilisha tu. Kuhusu viboko, kanuni za serikali ya Tanzania za mwaka 2002 zinamruhusu mkuu wa shule, au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi. Visizidi vinne, na viandikwe kitabuni. Fimbo ya kutembea nayo darasani iko nje ya kanuni hizo.

Mchelewaji muulize kwanza. Makonda wengi huwaacha wanafunzi kituoni kwa sababu ya nauli yao ndogo, na kosa hilo si la mtoto.

Panapoharibika

Ukiacha kuwaitikia wanaopaza "Mwalimu mimi! Mwalimu mimi!", kelele zitapanda kabla ya kushuka. Hapa ndipo walimu wengi hukata tamaa. Ukimjibu hata mmoja siku ya nne, umewafundisha kwamba dawa ni kupaza zaidi. Vumilia, na mwite aliyenyoosha mkono kimya ndani ya sekunde chache.

Mtoto mmoja akiiharibia safu kwa makusudi, mfanye awe safu yake peke yake kwa wiki nzima, mwenye lengo lake dogo. Usiadhibu wenzake. Asipobadilika hata hapo, mkalishe mbele na uangalie kama anaona ubao na kusikia akiitwa kwa nyuma, na kama asubuhi alikunywa hata chai. Ukiwa na shaka ya macho au masikio, zungumza na mzazi apelekwe kupimwa kabla hujampandisha ngazi nyingine ya adhabu.