Dakika mbili kwenye kikao cha bajeti ya kaunti: zitumie hivi

Kwenye vikao vingi vya kukusanya maoni ya umma kuhusu bajeti za kaunti hapa Kenya, mtu husimama, hulalamika kwamba barabara ni mbovu, watu hupiga makofi, karani huandika "barabara", na yameisha. Neno moja kama hilo halina pa kukaa kwenye kitabu cha bajeti. Fuata hatua hizi ili lako lipate nafasi.

1. Jua ni kikao kipi

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, ila maamuzi makubwa hufanywa mapema zaidi. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, ule unaoitwa ADP, hutakiwa kufika bunge la kaunti kufikia Septemba 1 ya mwaka uliotangulia. Taarifa ya Sera ya Fedha, CFSP, hufika kufikia Februari 28. Makadirio yenyewe hufika kufikia Aprili 30, na hupitishwa kabla ya Juni 30.

Usidharau kikao cha Februari, hata kama hakina watu. CFSP ndiyo huweka kikomo cha matumizi ya kila idara. Kikishapita, kanuni za mwaka 2015 za fedha za kaunti huruhusu bunge kuongeza au kupunguza fungu la idara kwa asilimia 1 tu ya kikomo chake. Fungu la shilingi milioni 400 litasogea kwa milioni 4, basi. Anayekuja Mei kudai idara ya maji iongezewe milioni 50 amechelewa. Mei unabishania miradi iliyo ndani ya fungu. Wazo jipya kabisa lipeleke wakati ADP inaandikwa, kabla ya Septemba.

2. Pata kitabu chenyewe

Anza kwa msimamizi wa wadi na tovuti ya kaunti. Wakikuzungusha, andika barua chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Inakubali Kiswahili, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Kwa kuwa tangazo la kikao mara nyingi hutoka siku chache tu kabla, ukingoja tangazo ndipo uandike barua, jibu litakukuta kikao kilishapita.

Ruka dibaji na picha. Nenda kwenye orodha ya miradi ya maendeleo ya wadi yako, unakili namba ya ukurasa, jina la mradi kama lilivyochapishwa, na kiasi. Angalia pia neno linalotangulia jina: "ujenzi", "ukamilishaji" au "ukarabati". Mradi ukiitwa "ukamilishaji" miaka mitatu mfululizo, hapo pana swali la kuuliza. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti, zinazotoka kila robo mwaka, zitakuonyesha kama idara husika ilitumia pesa za maendeleo ilizopewa.

3. Hakikisha ni kazi ya kaunti

Zahanati, chekechea, masoko, maji na barabara za kaunti, sawa. Darasa la shule ya msingi, kituo cha polisi na ofisi ya chifu ni vya serikali kuu. Ukiviomba hapa, umepoteza zamu yako.

4. Andika hoja, isizidi maneno 200

Iwe na mambo matano: mahali, kitu, kiasi, watakaofaidika, na pesa zitoke wapi. La mwisho ndilo watu husahau, na bila hilo kamati haina la kufanya. Mfano, kwa tarakimu za kubuni:

"Ukurasa wa 84, idara ya afya, kuna shilingi milioni 5 za ua na lango la zahanati. Zahanati hiyo haina tangi la maji, na akina mama wanaojifungua hubebewa maji kwa mitungi. Tunaomba milioni 2 kati ya hizo zinunue tangi na mabomba, ua ujengwe kwa seng'enge badala ya mawe."

Pesa hapo hazijatoka nje ya idara ya afya, kwa hiyo kikomo hakijaguswa. Ni ombi linaloweza kukubaliwa hata mwezi Mei.

Mitego miwili. Wa kwanza: jengo peke yake si huduma. Mshahara wa muuguzi na dawa viko upande wa matumizi ya kawaida, si maendeleo, kwa hiyo anayeomba zahanati mpya aombe mara mbili, la sivyo atapewa jengo lenye kufuli. Wa pili ni ardhi. Kama kiwanja kimetolewa na familia, njoo na makubaliano yaliyotiwa sahihi. Miradi mingi hukwama hapo.

5. Siku yenyewe

Chapisha hoja nakala mbili. Moja mpe karani, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, ubaki nayo. Kama mko kumi wenye ombi moja, aseme mmoja na wengine wasimame wahesabiwe. Waliobaki wachukue hoja nyingine. Salamu zisizidi sentensi moja, maana kutaja waheshimiwa wote hula nusu ya muda. Ukimaliza, mwombe karani akusomee alichoandika. Akisoma "tangi la maji" bila ukurasa wala kiasi, mrekebishe papo hapo, kwa upole. Kama lugha ya mama ndiyo inayokutoka vizuri, itumie na uombe mkalimani.

6. Baada ya hapo

Omba ripoti ya kamati ya bajeti uone kama hoja yako imetajwa, kisha tafuta mstari wako kwenye bajeti iliyopitishwa. Halafu usilale. Katikati ya mwaka huja bajeti ya nyongeza, na hapo ndipo mradi ulioshinda Juni hufutwa kimyakimya ili kulipa madeni ya wakandarasi. Chukua ile nakala yenye muhuri, rudi nayo.