Namna ya kulifuatilia jina Trdat, kutoka kwa Waparthi hadi kwa Waarmenia

Ukikuta Tiridates katika historia ya Roma, Trdat kwa Waarmenia na Tirdad kwa Waajemi, usiyaweke mafungu matatu. Ni jina moja, lililobebwa na wafalme wa Waparthi, watawala wa Iran ya kale, walewale wanaotajwa katika Matendo 2:9.

Anza kwa kulikata. Tir ni mungu wa Wairani wa kale, na mwezi wa nne wa kalenda ya Iran bado unaitwa hivyo. Dat ni "aliyetolewa". Aliyetolewa na Tir: mjengo wake haupo mbali na Hibatullah, zawadi ya Mungu. Kisha ondoa -es ya mwisho. Hiyo ni ya Wagiriki, waliotaka jina lifuate sarufi yao, na Warumi wakalipokea hivyohivyo.

Wengi hukwama kwenye i iliyopotea. Katika Kiarmenia mkazo hukaa silabi ya mwisho, na i au u isiyo na mkazo hudondoka: gir ni andiko, grel ni kuandika. Ndivyo Tirdat lilivyokuwa Trdat, herufi tano tu: Տրդատ. Kwenye matamshi huingia irabu fupi hafifu baada ya T. Waarmenia wa magharibi nao hupindua sauti, t ikawa d na d ikawa t, wakapata Drtad au Dertad. Kwa hiyo ukitafuta ukoo wa Waarmenia wa Lebanon au Ufaransa, tafuta kwa D pia, la sivyo utapitwa na nusu ya kumbukumbu.

Namba za wafalme zinahitaji uangalifu zaidi. Parthia ina Tiridates wake, Armenia ina wake. Andika kiti cha enzi na mwaka, usitegemee namba peke yake: yule aliyevishwa taji na Nero mjini Roma mwaka 66 ni wa kwanza wa Armenia, lakini yule aliyebatizwa na Gregory, mtakatifu aliyeleta Ukristo Armenia, kimapokeo mwaka 301, huitwa wa tatu katika vitabu vingine na wa nne katika vingine. Tena si kila Trdat ni mfalme. Aliyekarabati kuba la Hagia Sophia, kanisa kuu la Konstantinopoli, baada ya tetemeko la 989 alikuwa msanifu majengo.

Mithridates usilichanganye humu. Dat ni ileile, ila mtoaji ni Mithra, mungu mwingine wa Wairani. Kiajemi chake cha leo ni Mehrdad.